Waislamu waliohitimu elimu ya juu ni wangapi? Tupime kabla ya kulalamika

Katika mihadhara yetu, katika maulidi, katika ijitimai za vijana na hata katika khutba za Ijumaa, imekuwa ada kusikia kauli moja: kwamba Waislamu wa nchi hii tuko nyuma katika elimu ya juu. Kauli hiyo husemwa kwa uchungu, na wasikilizaji huitikia kwa vichwa. Lakini msemaji akiulizwa tuko nyuma kwa kiasi gani, miongoni mwa watu wa umri gani, na tulianza kuachwa katika hatua ipi ya masomo, mara nyingi jawabu hukosekana. Mmoja atataja idadi ya Waislamu aliowaona katika darasa lake la chuo. Mwingine atasoma orodha ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo na kuhesabu akina Juma na akina Mwanahamisi, ilhali jina peke yake si shahada ya dini ya mtu.

Makala haya hayakuandikwa kuikanusha kauli hiyo wala kuithibitisha. Yanakusudia kueleza namna kiwango cha elimu ya juu cha watu wazima wa nchi kinavyopimwa, na kuonyesha kwamba jamii isiyojipima vizuri huweza kutoa mali nyingi kwa nia njema ikaipeleka mahali pasipo na tatizo. Mwishoni tutaeleza jambo ambalo kila msikiti unaweza kulianza bila kusubiri ruhusa ya kubwa wala ndogo.

Kuhesabu si jambo geni katika dini yetu. Imepokewa na Imamu Bukhari kutoka kwa Hudhayfa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha Maswahaba wamwandikie majina ya watu waliotamka Uislamu, nao wakamwandikia wanaume 1,500. Wanazuoni wameitumia riwaya hiyo kuonyesha kwamba kiongozi ana haki, bali ana wajibu, wa kuwajua watu wake kwa idadi. Umma uliokuwa bado mchanga ulitaka kujua nguvu zake kwa hesabu, haukutosheka na kukadiria.

Wanaosoma na waliosoma

Kosa la kwanza tulifanyalo ni kuchanganya wanaosoma na waliosoma. Hivi ni vipimo viwili tofauti, na kila kimoja kina kazi yake.

Kipimo cha wanaosoma huchukua idadi ya wanafunzi wote waliomo vyuoni, wa umri wowote, na kuilinganisha na idadi ya vijana wa rika la miaka mitano inayofuata baada ya kumaliza sekondari. Kwa kuwa mtu wa miaka 40 aliyerudi chuoni naye huhesabiwa juu, wakati rika lake halimo chini, kipimo hiki katika baadhi ya nchi huvuka hata asilimia 100. Hutuonyesha ukubwa wa milango ya vyuo kwa sasa. Hakituambii ni wangapi waliotoka na cheti mkononi.

Kipimo cha waliosoma hushika watu wazima, kwa kawaida wenye miaka 25 na kuendelea, na kumwuliza kila mmoja: ni kiwango gani cha juu kabisa cha elimu ulichokikamilisha? Umri wa miaka 25 umechaguliwa kwa sababu walio wengi huwa wamekwisha kumaliza masomo yao ya awali kufikia hapo. Kijana wa miaka 19 asiye na shahada hajashindwa. Wakati wake haujafika. Kumweka katika hesabu ya wasio na elimu ya juu ni kumdhulumu yeye na kuipotosha hesabu.

Tazama birika la msikiti. Wanaosoma ni maji yapitayo katika bomba, na waliosoma ni maji yaliyokwisha kutuama birikani. Bomba laweza kutoka kwa nguvu na birika likabaki nusu, ama kwa sababu limefunguliwa jana tu, ama kwa sababu lina ufa. Anayetaka kujua kama maji ya udhu yanatosha huchungulia ndani ya birika.

Neno la kushika hapa ni kukamilisha. Aliyesoma miaka mitatu ya chuo kikuu akaacha bila kuhitimu, kwa kipimo hiki kiwango chake ni kile cha mwisho alichokikamilisha, yaani kidato cha sita au stashahada. Wamarekani walilipitia suala hili kwa muda mrefu. Sensa yao ilianza kuuliza kiwango cha elimu cha watu mwaka 1940. Kabla ya hapo waliuliza kujua kusoma na kuandika. Kwa miaka 50 swali lilikuwa la idadi ya miaka ya masomo, na aliyekaa chuoni miaka minne alihesabiwa sawa na mwenye shahada, awe ameipata au hakuipata. Mwaka 1990 swali likabadilishwa, likauliza cheti cha juu kabisa mtu alichotunukiwa. Mwaka 1940 watu wazima wa Marekani waliokuwa wamefika kiwango cha shahada walikuwa chini ya 5 katika kila 100. Leo wenye shahada wamevuka theluthi ya watu wazima.

Elimu ya juu huanzia ngazi ipi?

Kosa la pili ni kutaja elimu ya juu bila kusema tumeanzia ngazi ipi. Ili nchi ziweze kulinganishwa, UNESCO ina uainishaji wa kimataifa wa viwango vya elimu, na toleo lake linalotumika sasa lilipitishwa mwaka 2011. Lina ngazi 9, kuanzia sifuri, ambayo ni elimu ya awali, hadi 8, ambayo ni shahada ya uzamivu. Elimu ya juu huanzia ngazi ya 5, yenye mafunzo mafupi ya baada ya sekondari. Ya 6 ni shahada ya kwanza. Ya 7 ni shahada ya uzamili.

Tofauti ya kuanzia ngazi ya 5 au ya 6 si ndogo. Katika sensa ya Kanada ya mwaka 2021, watu wa miaka 25 hadi 64 waliokuwa na cheti cha chuo cha kati au cha chuo kikuu walikuwa asilimia 57.5. Lakini waliokuwa na shahada ya kwanza na zaidi walikuwa asilimia 32.9. Nchi ni ile ile, watu ni wale wale, na idadi zote mbili ni za kweli. Anayetaka kuisifu Kanada atashika ya kwanza. Anayetaka kuipunguza atashika ya pili. Na msikilizaji asiyeuliza ataamini lolote.

Hapa kwetu jambo hili lina uzito kwa sababu vijana wengi hawapiti njia ya kidato cha sita. Hupita vyuo vya afya, ualimu, kilimo, ufundi na biashara, wakachukua astashahada, kisha stashahada, na baadaye wengine huendelea hadi shahada. Msikiti ukihesabu wenye shahada peke yake, muuguzi, fundi sanifu na mwalimu mwenye stashahada watatoweka. Ukiwachanganya wote bila kutenganisha ngazi, hautajua ni wangapi waliobakiza hatua moja tu kuifikia shahada. Njia iliyo salama ni kuandika kila ngazi katika safu yake, kisha kujumlisha kwa uwazi.

Tunagawanya kwa nini?

Kosa la tatu limo katika kigawanyo. Tufanye mfano wa mtaa wenye Waislamu 400. Kati yao 200 ni watoto na vijana wasiofika miaka 25, na 200 ni watu wazima wa miaka 25 na zaidi. Wenye shahada ni 12. Ukigawanya kwa watu wote, unapata asilimia 3. Ukigawanya kwa watu wazima, unapata asilimia 6. Katika nchi ambayo karibu nusu ya wananchi ni watoto wasiofika miaka 18, kukosea kigawanyo ni kukosea jambo zima.

Tuendelee na mtaa huo huo. Katika wale watu wazima 200, tuseme 100 wana miaka 25 hadi 39, na 100 wana miaka 40 na kuendelea. Katika wahitimu 12, 10 ni wa kundi la kwanza na 2 ni wa kundi la pili. Basi asilimia 6 ya jumla imeficha habari mbili: vijana wamefika asilimia 10, na wazee wako asilimia 2. Atakayesikia asilimia 6 atadhani mtaa umesimama mahali pamoja. Atakayetazama marika ataona kuwa mtaa umetembea.

Hii ndiyo sababu jumuiya ya OECD, inayokusanya takwimu za nchi nyingi zenye uchumi mkubwa, hutoa idadi mbili: ya watu wa miaka 25 hadi 64, na ya vijana wa miaka 25 hadi 34. Idadi ya watu wazima wote hubeba historia, na ile ya vijana hueleza hali ya sasa. Mzee wetu wa miaka 80 alikuwa kijana wakati chuo kikuu kimoja tu kilikuwa kikianza Dar es Salaam, Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Hakuna msikiti wala shule itakayoweza leo kumrudishia nafasi ile. Kumweka katika kapu moja na mjukuu wake, kisha kulaumu jamii ya leo kwa jumla yao, si uadilifu.

Pengo la mwaka 1967

Tanzania imefanya sensa mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Sensa ya mwisho ilihesabu watu 61,741,120. Karani wa sensa huuliza kiwango cha elimu cha kila mwanakaya, na kwa hiyo taifa linaweza kujua hali ya elimu ya watu wake kwa mkoa, wilaya, jinsia na umri. Lakini swali la dini liliulizwa kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka mjadala mkali wa mwaka 2012 juu ya jambo hilo. Sitaurudia hapa. Itoshe kusema kwamba kwa zaidi ya nusu karne hakuna jedwali la sensa liwezalo kumwambia yeyote ni Waislamu wangapi wa miaka 25 na zaidi wenye shahada. Anayetaja asilimia kwa kujiamini, awe wa upande wetu au wa upande mwingine, hakuitoa katika sensa.

Yapo makadirio ya kidunia. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilichapisha ulinganisho wa elimu ya watu wazima kwa dini zao, kutoka nchi 151. Ilikuta Mwislamu wa miaka 25 na zaidi duniani amesoma kwa wastani miaka 5.6, wakati wastani wa watu wote ulikuwa miaka 7.7, na Waislamu wenye elimu ya baada ya sekondari walikuwa 8 katika kila 100. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba kizazi kichanga zaidi kilichopimwa, waliozaliwa kati ya 1976 na 1985, kimesoma kwa wastani miaka 6.7, karibu mara mbili ya kizazi cha babu zao, ambacho kilikuwa na miaka 3.5. Habari hizi zina faida, lakini haziwezi kuiambia kamati ya msikiti wa Tanga au wa Kigoma ianzie wapi.

Funzo la India

Ipo nchi moja ambako Waislamu walipimwa kwa kina, na matokeo yake yanastahili kusomwa na kila kiongozi wa jamii. Sensa ya India huuliza dini na elimu kwa pamoja. Machi 2005 Waziri Mkuu Manmohan Singh aliunda kamati chini ya Jaji Rajinder Sachar kuchunguza hali ya kijamii, kiuchumi na kielimu ya Waislamu wa nchi hiyo, ambao katika sensa ya 2001 walikuwa asilimia 13.4 ya wananchi. Ripoti ilitolewa Novemba 2006.

Kamati ilipima watu wa miaka 20 na zaidi waliohitimu shahada au kupata stashahada. Kwa wananchi wote walikuwa kama 7 katika kila 100. Kwa Waislamu hawakufika 4. Katika vyuo vya daraja la juu kabisa, Mwislamu alikuwa mmoja katika kila wanafunzi 25 wa shahada ya kwanza, na mmoja katika kila 50 wa shahada za juu. Kwa mara ya kwanza malalamiko ya miaka mingi yakapata namba isiyoweza kupuuzwa.

Faida kubwa ya kipimo ikaja baada ya hapo. Watu wengi nchini humo waliamini kwamba Waislamu wako nyuma kwa sababu wazazi wao huwapeleka watoto madrasa badala ya shule. Kamati ilipohesabu, ikakuta watoto wa Kiislamu wa umri wa shule waliokuwa wakisoma katika madrasa za kutwa nzima ni kama 3 hadi 4 katika kila 100. Lawama iliyorudiwa miaka na miaka ikaanguka kwa hesabu moja.

Kisha kamati ikafuatilia ni wapi hasa Waislamu wanapoachwa. Ikaonekana kwamba pengo kubwa linatokea kabla ya kumaliza sekondari. Mwislamu akishavuka kizingiti hicho, tofauti kati yake na wengine katika kumaliza shahada hupungua, na pengine huwa ndogo sana. Basi tatizo lililoonekana chuo kikuu lilikuwa limezaliwa miaka mingi nyuma, kwa mtoto wa miaka 13 au 14 aliyeacha shule kwenda kushika kazi.

Tulipeleke funzo hilo kwetu kwa njia ya swali, kwa kuwa hatuna haki ya kudai kwamba hali ya India ndiyo yetu. Tuseme jamaa wa msikiti wamechanga fedha nyingi, wakajenga bweni la wanafunzi karibu na chuo kikuu. Ni sadaka njema, na wajenzi wana ujira wao kwa Mola wao. Lakini ikiwa ufa wa birika uko kidato cha pili, pale binti wa miaka 15 anapoacha masomo, bweni lile litawafaa wale ambao tayari wangefika chuo, na yule binti hatapata chochote. Sharti tujue ufa uko wapi kabla ya kununua saruji. Ada za shule za serikali zimeondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, na hadi kidato cha sita tangu 2022. Kwa hiyo anayeacha shule leo ana sababu nyingine, na sababu hiyo haitajulikana mpaka familia iulizwe.

Elimu ya dini katika jedwali

Wapo watakaosema kwamba vipimo hivi vinawadhulumu wanazuoni wetu, na hawakosei kabisa. Tazama baba na mwana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 na kufariki 1947, alipata elimu yake kwa masheikh wa Mombasa na Unguja, miongoni mwao Sayyid Ahmad bin Sumayt na Sheikh Abdallah Bakathir. Aliandika vitabu, akaanzisha magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, alipata shahada Manchester mwaka 1960, uzamili Columbia mwaka 1961, na uzamivu Oxford mwaka 1966. Katika jedwali la elimu ya juu mwana angeandikwa ngazi ya 8. Baba, aliyemlea na kumtangulia kwa kalamu, asingepata safu ya kuandikwa.

Kipimo hiki hupima vyeti rasmi vya masomo yaliyokamilishwa. Hakipimi elimu yote, na wala hakipimi hekima au ucha Mungu. Tukikijua hivyo, hatutakitukuza kupita kiasi wala kukichukia. Jedwali la shahada hutuambia ni wangapi wanaoweza kuomba kazi ya udaktari, uhandisi, uhakimu au uhadhiri. Haliwezi kutuambia nani ni mwanachuoni.

Lakini liko kundi ambalo huachwa nje kwa uzembe wetu wenyewe. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wamehitimu Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, Al-Azhar ya Misri, au Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichoko Khartoum. Wanarudi na shahada kamili ya chuo kikuu, kisha karani anapofika nyumbani, mwenye nyumba anajibu: huyu kasoma dini tu. Kwa neno hilo shahada ya miaka minne imefutwa. Shahada ya sharia au ya lugha ya Kiarabu iliyotolewa na chuo kikuu ni ngazi ya 6 kama shahada ya uchumi. Kwa hapa Tanzania, Tume ya Vyuo Vikuu ndiyo yenye mamlaka ya kuzitambua shahada za nje. Mhitimu asiyeipeleka yake kutambuliwa amejifungia mlango yeye na ameipunguzia jamii mtu mmoja. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Waislamu cha Morogoro, Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichoko Tunguu, na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kilichoko Mbale hawana tatizo hilo, maana vyuo hivyo vinatambuliwa katika nchi zake.

Daftari la elimu la msikiti

Kwa kuwa taifa halitupi namba, tunaweza kujipatia sehemu yake. Kila kamati ya msikiti ina daftari la michango, la vifo, pengine na la ndoa. Tuongeze daftari la elimu. Hii ni hesabu yetu ya ndani, kwa ajili ya kupanga kazi. Haitakuwa takwimu rasmi wala isitangazwe kama takwimu ya nchi. Utaratibu wake uwe kama ufuatao.

Kwanza, kila mtu mzima wa miaka 25 na zaidi aandikwe mara moja tu, mahali anapolala. Mtoto wa Mzee Fulani aliyehamia Dodoma ataandikwa na msikiti wa Dodoma. Tukimwandika kwao na anakoishi, tumemhesabu mara mbili. Na tukijivunia wahitimu waliohama, tutajidanganya juu ya waliobaki.

Pili, ziwepo safu za umri, jinsia, kiwango cha juu alichokamilisha, mwaka alioukamilisha, na aina ya cheti. Safu ya elimu ya madrasa na ya darsa za masheikh iwe peke yake, ili heshima ya elimu hiyo ihifadhiwe bila kuichanganya na vyeti.

Tatu, kila mtu ajibu mwenyewe. Mume asimjibie mkewe. Mara nyingi mwanamume hajui kwamba mkewe alimaliza stashahada kabla ya ndoa, au anajua na anaona si kitu. Kamati iwateue dada wawili au watatu waaminifu wa kuwahoji akina mama, na adabu ya nyumba za watu ilindwe.

Nne, iwepo safu ya walioanza bila kumaliza, pamoja na sababu. Humo ndimo tutakamowakuta aliyebakiza somo moja, aliyeandika utafiti wake nusu, na yule aliyefaulu yote ila cheti kimezuiliwa kwa deni la ada. Mtu wa namna hii anaweza kuhitimu ndani ya mwaka mmoja kwa msaada mdogo kuliko gharama za kumsomesha mwingine tangu mwanzo. Hakuna sadaka ya elimu inayozaa haraka kama hii.

Tano, vijana wa miaka 13 hadi 24 waandikwe katika orodha yao, tofauti na ya watu wazima: nani yumo shuleni, nani ameacha, na aliacha katika darasa lipi. Orodha ya watu wazima itatuonyesha tulikotoka. Orodha hii ya vijana itatuonyesha ufa.

Sita, daftari ni amana. Kiwango cha elimu cha mtu ni siri yake akitaka iwe siri. Majina yabaki kwa katibu na mwenyekiti. Jamaa watangaziwe jumla tu. Sheria ya nchi ya kulinda taarifa binafsi, iliyoanza kutumika mwaka 2023, inatulazimisha hivyo, na adabu ya Kiislamu ilitutangulia kutulazimisha. Asiyetaka kuandikwa asibughudhiwe. Iandikwe tu kwamba yupo mtu mmoja asiyejulikana kiwango chake, ili tusimhesabu kuwa hana elimu.

Wengi watauliza kama msikiti mmoja wa mtaani unaweza kulibeba jambo hili. Msikiti wa familia 80 unaweza kulikamilisha kwa Jumamosi nne, kwa daftari la kurasa 100 na kalamu. Kazi ngumu ni uaminifu katika kuandika kile kilichopo, hata kama kinatufedhehesha, na hata kama kinatuonyesha bora kuliko tulivyozoea kulalamika.

Wajibu wa nyumbani

Kabla kamati haijafika, familia zina mambo yaliyo mikononi mwao. Vyeti vya wote, wa kike na wa kiume, viwekwe mahali pamoja pakavu, na nakala zake zikae kwa ndugu anayeaminika. Moto na mafuriko vimewafanya watu wengi kuwa wasomi wasioweza kuthibitisha. Karani wa sensa au wa utafiti wowote wa serikali akibisha hodi, mkuu wa kaya amwite kila mwanakaya aliyepo ajieleze, na asimtaje mtu kuwa hakusoma kwa kuwa tu hana kazi. Aliyehitimu na akabaki nyumbani bado ni mhitimu.

Na kwa wazazi wenye watoto walio kidato cha pili na cha tatu, kaeni nao usiku mmoja wiki hii baada ya Isha. Msiwaulize watakuwa nani. Waulizeni ni somo gani linawashinda, nani kati ya marafiki zao ameacha shule, na kwa nini. Majibu yao ndiyo takwimu ya mwaka 2040, wakati wao watakapokuwa watu wazima wa kuhesabiwa.

Mwenyezi Mungu (s.w.) ametuonya tusifuate jambo tusilolijua, na akatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Tumekuwa tukisema kwa miaka mingi kwamba tuko nyuma. Tuandike, tujue ni nani kati yetu aliyeachwa na ni wapi alipoachwa, kisha tumwendee.

Wabillahi tawfiq.